Lango la Halwa na Vita vya Ubao wa Mfenesi

Kwa miaka ishirini na tisa ya mwanzo ya uhai wangu niliamini, kwa moyo mmoja na bila kutabasamu, kwamba babu wa mababu zangu aliuuza mji mzima kwa sahani moja ya halwa.

Hadithi yenyewe niliikuta nyumbani kama nilivyoikuta mikeka. Mji wa Mtondoo, huu ambao nyinyi vijana mliobaki kazini mnafagia magofu yake kila asubuhi, zamani za kale uligawanyika kati ya ndugu wawili wa baba mmoja, kila mmoja akidai kiti. Mkubwa alibaki ndani ya kuta na watu wake, mdogo akakaa nje na wake. Wakapigana mpaka mikuki ikaisha makali. Lango la kaskazini lilikuwa mikononi mwa bawabu, na bawabu huyo ni wetu. Basi siku moja adhuhuri yule mdogo hakuleta mikuki. Alileta halwa. Ya moto, ya iliki na zafarani, imepambwa kwa lozi, na sahani yake upana wa ungo. Ati harufu ilifika Mambrui, watu wakatoka majumbani na vijiko. Babu yetu akanusa, akafungua lango apokee sahani, na vita vikaingia nyuma ya sahani. Mji ulikuwa umeisha kabla hajameza tonge la pili.

Na mimi niliamini, wallahi. Ningekosaje kuamini? Takaungu nzima hapakuwa na mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukabidhiwa ufunguo, si wa duka, si wa chuo, si wa banda la kuku. Harusini sahani ya halwa ikifika tulipokaa sisi, vijana wa mtaa wa pili walipiga kelele, "Fungeni milango!" Baba yangu alikufa hajaionja halwa mbele za watu. Alikuwa akiila chumbani, kakomea mlango.

Nimestaafu mwezi uliopita, na mmeniuliza mara nyingi kwa nini ule ubao wa mfenesi umewekwa kwenye kabati la kioo karibu na dirisha la tiketi, na kwa nini kuna kete moja nyekundu. Nitawaeleza. Mambo ya cheo na mshahara nitayaruka, kwa kuwa hayo humpendeza mwenyewe na wakwe zake tu.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kuwa mlinzi na mwongozaji wa wageni. Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Kazungu, mlinzi mkuu, Mgiriama mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu ulilazimika kumwita ili ujue yupo. Mkononi alikuwa na funguo mbili, wa stoo na wa ua. Aliniangalia, akaziangalia funguo, akaniangalia tena.

"Wewe si wa ule ukoo wa halwa?"

"Ndimi, mzee."

Akakuna kichwa. Halafu akatoa kamba ya katani, akazifunga zile funguo kwenye mshipi wangu kwa fundo ambalo mpaka leo sijaona mfano wake. "Haya," akasema. "Sasa ukiziuza, unauzwa pamoja nazo."

Fundo lile nilikaa nalo wiki sita. Nilioga nalo.

Mzee Kazungu ndiye aliyenifundisha kazi, na nitasema machache ya kuwafaa. Ukuta wa matumbawe haufagiliwi kwa brashi ya waya. Fagio la chelewa latosha, tena la zamani, lililolegea. Mmea uliootea ukutani ukate shinani, uache ukauke wenyewe, usiuvute hata ukijisikia una nguvu, kwa kuwa pengine ni ule mzizi unaoshika ukuta na wala si ukuta unaoshika mzizi. Na mgeni akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui. Hili la mwisho lilinishinda.

Lilinishinda zaidi pale kwenye lango la kaskazini. Mnalijua. Ni tundu katika ukuta, kimo chake kinafika kiunoni mwa mtu mzima, na nje yake, hatua thelathini hivi, ndipo kilipo kisima. Wageni walikuwa wakiuliza, "Mbona lango la mji ni fupi hivi?" Na mimi, kwa aibu ya ukoo wangu na kwa kipaji alichonipa Mungu, nikatunga jibu: lango lilifanywa fupi makusudi, ili adui aingie kichwa kwanza, akatwe kama papai. Wageni waliguna kwa hofu. Wakaniuliza tena, "Na hizi pembe zimelainishwa na nini, hapa usawa wa magoti?" Nikawajibu, "Ni mikuki, enyi watu. Mikuki elfu ikisuguana." Nilisimulia hayo kwa miaka mitano. Kuna watu huko Ulaya wamezeeka wakiamini.

Katika miaka hiyo hiyo nilisoma shule ya jioni. Nikimaliza zamu navuka kwa feri hadi Kilifi, tunafundishwa katika darasa la watoto wa darasa la pili, tumekalia viti vyao, magoti yamefika masikioni. Nilihitimu. Katika historia nilipata alama ambazo mwalimu alizitazama mara tatu, kisha akanitazama mimi. Cheti changu nilikionyesha kwa kila mtu kati ya Mtwapa na Malindi, na wengine mara mbili.

Cheti ndicho kilichoniponza. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Bwana Jilani, mtu wa tai na mipango. Asubuhi moja aliniita ofisini. Mezani palikuwa na sanduku la kadibodi, ameliacha mwalimu mmoja mgeni aliyetembelea magofu. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita: ramani ya kukunja yenye vijumba kama sega la nyuki, dadu mbili, na vipande vya karatasi ngumu zaidi ya mia, kila kimoja ni kikosi. Ulikuwa umeigiza vita vya kale vya huko kwao, watu wa ukoo mmoja wa kifalme wakichinjana kwa ajili ya kiti.

"Kumbe wao pia," nikasema.

"Wao pia," akasema Bwana Jilani. "Sasa nataka wetu. Vita vya ndugu wawili wa Mtondoo, juu ya ubao, wanafunzi wakija wacheze, waelewe. Wewe ndiye msomi wa historia. Fanya."

Nilimaliza siku nne na kamusi nikisoma sheria zile. Zilikuwa kurasa arubaini, na nina hakika kuna nchi zilizoongozwa kwa chache zaidi. Nikaomba ubao wa mfenesi kwa seremala, nikaupiga randa, nikausugua kwa msasa mpaka nzi wakawa wanateleza. Mji nikaupima kwa futi na kamba, nikauchora kwa kipimo: kuta, vichochoro, msikiti, nyumba kubwa, lango la kaskazini, kisima. Askari nikawafanya kwa komwe, zile zile tunazochezea bao. Za mji nikaziacha rangi yake ya kijivu, za nje nikazipaka chokaa.

Msidhani ilikuwa kazi ya kukaa. Nilitaka kujua watu wangapi wenye mikuki hupita sambamba katika kile kichochoro cha nyuma ya msikiti, basi nikawapanga wafagiaji wote na vifagio vyao mabegani. Watatu walipita. Nilipojaribu wanne, wa nne alikwama, tukamtoa kwa mafuta ya nazi. Nikaandika: watatu. Farasi wa kwenye sanduku nikawaondoa, Mtondoo hatukuwa nao, nikaweka punda. Punda nikawatungia sheria yao: kabla ya kumsogeza rusha dadu, ikija moja, punda amegoma, zamu imepita. Bwana Jilani alisema sheria hiyo si ya kisayansi. Nikamwambia akae na punda siku moja kisha tujadili sayansi.

Nilipodhani nimemaliza, nikamwonyesha Mzee Kazungu. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Umeweka mikuki. Umeweka punda. Hawa walio ndani wanakunywa nini?"

Nikatazama ubao. Kisima kiko nje ya lango. Ndani hakuna kingine, tumechimba sana kukitafuta. Kuna birika la mvua tu, lile lililopasuka karibu na msikiti. Basi nikalipima birika, nikaandika sheria ya tisa: kila baada ya zamu tatu, kila askari aliye ndani ya kuta hunywa kifuu kimoja cha maji, birika likikauka, maji hayapatikani ila kwa kufungua lango na kwenda kisimani, la sivyo kila zamu askari kumi huanguka kwa kiu na kurudi sandukuni. Nikapiga hesabu nikaona kwa askari ishirini na wanne, ambao ndio niliouwekea mji, maji yanatosha zamu ishirini na baki kidogo.

Na sheria ya mwisho: aliye nje anaweza kuweka halwa langoni, yaani kokwa ya ukwaju, akarusha dadu, ikija sita, bawabu anafungua. Bawabu nikampaka rangi nyekundu. Ningefanyaje? Historia ni historia.

Sheria zote alizipiga taipu Rukia, karani wa ofisi yetu, na hapa ndipo mambo yalipokuwa makubwa. Rukia ndiye niliyetaka kumwoa. Naye alikuwa ameniambia, tena kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba akiulizwa atakubali. Wazee wangu walikwenda kupeleka posa kwa baba yake, Mzee Twahiri wa Takaungu. Mzee Twahiri aliwapa kahawa, akawapa mahamri, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti yangu akiolewa atakuwa na nyumba, na nyumba ina mlango. Mlango siwezi kuupa ukoo ule." Wazee wangu wakarudi wameinamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa bado na hamri mkononi.

Mzee Twahiri alijihesabu kuwa wa kizazi cha ndugu mkubwa, wale waliosalitiwa. Na alikuwa bingwa wa bao. Nikisema bingwa nina maana watu walikuja kutoka Kikambala wakiwa na majina yao, wakarudi hawana. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba akikohoa Takaungu, kuku wa Mtwapa hushtuka. Bwana Jilani, asiyejua habari ya posa, alimwalika aje kuujaribu mchezo kabla wanafunzi hawajafika. Mzee hakuweza kukataa ubao. Alikuja na kofia mpya.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu akitazama ubao. "Huyu mwekundu ni nani?"

"Bawabu, mzee."

"Aa. Mmefanana."

Tukaanza. Yeye ndani ya mji, mimi nje. Zamu ya pili akamzingira askari wangu kwa sheria, nami nikanyoosha mkono nimtoe nimrudishe sandukuni, kama kitabu kilivyosema. Akaukamata mkono wangu.

"Unampeleka wapi?"

"Sandukuni, mzee. Ameshindwa."

"Sandukuni anakwenda kufanya nini?"

"Amekufa."

"Hafi mtu hapa! Nimemla. Kete niliyoila ni yangu, inaingia kwangu inafanya kazi. Umeona wapi kwenye bao kete inatupwa nje? Mali hiyo!"

"Mzee, hivi ni vita, si bao."

"Vita vya nani? Vya ndugu! Nimemteka mtoto wa ami yangu, nimtupe sandukuni? Namwambia, ewe, shika mkuki huu, leo uko kwangu. Kwetu kete haifi. Inahama mji."

Bwana Jilani akafungua kitabu cha sheria, akakifunga. Mzee Kazungu akasema anaona mzee ana haki. Basi sheria ya saba ikabadilishwa, na Rukia akaipiga taipu upya: aliyetekwa hujiunga na aliyemteka.

Kuanzia hapo vita havikuisha. Yeye ananila, mimi namla, komwe zikihama kama watu wa arusi wanaobadilisha vyumba. Tulicheza siku kumi na moja, kila siku baada ya alasiri, na kwa kuwa lilikuwa jaribio tu, vifuu vya maji hatukuvihesabu. Mwenye kuongoza leo kesho yuko chini. Wafagiaji walianza kushika pande, na mmoja alihamia upande wa pili katikati ya chai. Bwana Jilani akaja ameshika tai yake kama anataka kujinyonga nayo. "Jumamosi wanafunzi wanakuja. Nataka vita vyenye mwisho."

Hapo Mzee Twahiri akaegemea kiti. "Vitakuwa na mwisho. Jumamosi nitalishika lango hili zamu ishirini, mbele ya watoto, na sitalifungua. Waone tofauti ya bawabu na bawabu."

Damu ilinipanda. Nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe: "Na ukilifungua?"

"Mimi?"

"Wewe, mzee. Kwa mkono wako. Tena bila halwa. Sheria ya halwa sitaitumia."

Akarekebisha kofia. "Mimi sichezi kamari, sembuse juu ya binti yangu. Lakini hii si kamari. Hii ni kesi, na ubao ndio shahidi. Nikilishika lango zamu ishirini, usinitajie tena jina la Rukia. Nikilifungua kwa mkono wangu, walete wazee wako, na mahamri nitayapika mwenyewe."

Chumba cha pili, taipu ya Rukia ilikuwa imeacha kugonga.

Siku ya Ijumaa sikula. Nilipiga hesabu za mashambulizi kwenye daftari mpaka karatasi ikatoboka. Kila njia ilinishinda. Ukuta ni ukuta. Rukia akaja na kurasa mpya za sheria, akaziweka mbele yangu.

"Umesoma sheria ya saba na sheria ya tisa?" akauliza.

"Nimeziandika mimi."

"Kuandika sikuuliza. Nimeuliza kusoma. Zisome pamoja."

Nikazisoma. Ya saba: aliyetekwa hujiunga na aliyemteka. Ya tisa: kila aliye ndani hunywa. Nikainua macho. Rukia alikuwa anafuta wino kidoleni, kana kwamba habari hizi hazimhusu.

"Baba tangu nimjue hajawahi kuiacha kete inayolika," akasema. "Mpe ale."

Jumamosi wanafunzi walijaa chumbani, wakajaa madirishani, na wawili walikuwa juu ya kabati. Mzee Twahiri alikaa na buli la kahawa mkono wa kulia. Mimi nilikaa na komwe zangu nyeupe, na nikaanza kucheza vibaya. Vijana, nimefanya mengi kazini, lakini kucheza vibaya kwa ustadi ni kazi ngumu kuliko zote. Nilimpeleka askari mmoja chini ya ukuta, peke yake, kama aliyekwenda kuchuma ndimu. Mzee akamla.

"Mmoja!" akasema kwa watoto. "Karibu mjini, baba."

Nikapeleka wawili. Akawala. Nikapeleka punda na watatu. Punda akagoma, watatu wakaliwa. Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akasahau kuwanyamazisha. Kila zamu ya tatu Mzee Kazungu alihesabu askari wa ndani na kuondoa vifuu vya maji, taratibu, bila neno, na mzee hakumwangalia hata mara moja. Alikuwa anakula.

"Bwana we, leo umekuja vitani au umekuja kugawa sadaka?" akaniuliza.

"Uwezo wangu ndio huu, mzee."

"Shule ya jioni! Gizani hamkuona ubao?"

Zamu ya kumi na tano mji ulikuwa na watu hamsini na wawili, wamesongamana kama dagaa kwenye pishi, nyeupe nyingi kuliko kijivu. Nje nilibaki mimi na watu watano na punda wawili, mmoja amegoma. Mzee akasugua mikono. Zamu ya kumi na nane Mzee Kazungu akainamisha birika, akalitikisa. Hamna kitu.

"Maji yameisha," akasema. "Wanaanza kuanguka. Kila zamu, kumi."

Mzee Twahiri akatazama vifuu. Akatazama mji wake. Ndipo alipoanza kuhesabu, nami nikaona midomo yake inavyokwenda: ishirini na nne wangetosheka, hamsini na wawili je? Angeweza kukaa kimya, watu wake waanguke kumi, na kumi tena, zamu mbili ziishe, ashinde. Zilibaki mbili tu. Nilijua hivyo, naye alijua hivyo, na Rukia aliyesimama mlangoni na kurasa zake alijua hivyo. Lakini ishirini wale ni kete, na kete hizo amezila kwa mkono wake. Mtu wa bao hawezi kutazama kete zinakwenda sandukuni.

Kahawa ikapoa. Akavuta pumzi, akamshika bawabu mwekundu kwa vidole viwili, akamwondoa langoni.

"Nendeni mkateke maji," akawaambia askari wake, kwa sauti ya chini kabisa kwa mtu wa sauti ile.

Watoto walipiga kelele mpaka bati likalia. Bwana Jilani alinipigapiga mgongoni bila kujua ananipongeza kwa lipi. Mzee Twahiri alikuwa bado amemshika yule mwekundu kiganjani, anamgeuza geuza.

"Hebu niambie," akasema. "Babu yako alipewa sahani ya halwa?"

"Ndivyo isemwavyo, mzee. Upana wa ungo."

"Basi alinishinda. Mimi nimefungua bure."

Akacheka, na akicheka yeye hucheka mpaka buli. "Walete wazee wako Jumatano. Na yule aliyeondoka na hamri, mwambie mara hii atakula amekaa."

Tulioana mwezi uliofuata. Nilikula halwa mbele za watu, sahani nzima, nikimlilia baba yangu kwa jicho moja, na jingine likitazama lozi. Mzee Twahiri mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, "Ifungueni milango!"

Siku chache baada ya harusi, dada mkubwa wa Mzee Twahiri, Bi. Mwanaesha, ambaye alikuwa akiishi Mtwapa na wanawe na hakuwa ameyaona magofu tangu alipoolewa, aliniomba nimtembeze. Nilijitolea kwa nguvu zote. Nilimweleza ndugu wawili, nilimweleza birika. Tulipofika kaskazini nikasimama kama nilivyozoea, nikanyoosha mkono, nikamweleza lango: lilivyofanywa fupi ili adui aingie kichwa kwanza, pembe zake zilivyolainishwa na mikuki elfu, bawabu aliposimama, halwa ilipowekwa. Nilisema kwa dakika ishirini. Alinisikiliza kwa adabu, buibui ameikusanya mkononi. Nilipomaliza, akainama, akapitisha kiganja kwenye zile pembe, usawa wa magoti.

"Lango gani, mwanangu?" akasema. "Hapa palikuwa na ukuta mzima. Hili tundu alilitoboa baba yetu, mbuzi wapite kwenda kunywa maji. Twahiri alikuwa mgongoni kwa mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwachunga."